Uvimbe wa Kizazi: Kuishi Nao na Kuchagua Matibabu



Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, aliletwa na wifi yake katika zahanati tunakohudumu. Alikuwa ameanguka darasani akiandika ubaoni. Wenzake walidhani ni malaria, akameza dawa, lakini siku ya tatu kizunguzungu kilikuwa pale pale. Tulipomfunua kope la chini la jicho tulikuta ni jeupe kama karatasi. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma gramu 6, na mwanamke asiye mjamzito hutakiwa awe na gramu 12 au zaidi. Tukamwuliza habari za siku zake za mwezi. Akamtazama wifi yake, akanyamaza. Wifi alipotoka kumtafutia maji ya kunywa, ndipo akamwambia muuguzi wetu kwa sauti ya chini kwamba huu ni mwaka wa tatu hedhi yake inachukua siku 9 au 10, na kwamba siku ya pili na ya tatu haendi kazini bila kuvaa pedi mbili na kujifunga kanga ndani ya gauni. "Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa, Sista," alisema. "Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo."

Huyu mama alikuwa na uvimbe katika kizazi, ule ambao watu wengi sasa wanauita kwa jina la kigeni, faibroidi. Katika toleo hili tumeona tueleze ugonjwa huu kwa urefu kidogo, kwa kuwa maswali tunayoulizwa ni mengi, na majibu yanayotolewa mitaani mara nyingi ni ya kutisha au ya kudanganya.

Uvimbe huu ni kitu gani?

Mfuko wa uzazi umejengwa kwa misuli yenye nguvu, ile inayomsukuma mtoto wakati wa kuzaa. Wakati mwingine sehemu ndogo ya misuli hiyo huanza kukua peke yake, ikajikunja na kuwa bonge gumu, la mviringo. Bonge laweza kuwa dogo kama punje ya harage, au kubwa kama chungwa, au kubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga. Mama mmoja aweza kuwa na moja tu, mwingine akawa nayo kumi na zaidi.

Tuseme mapema jambo ambalo wengi huogopa kuliuliza: huu si saratani. Ni mara chache mno uvimbe uliodhaniwa kuwa wa aina hii hukutwa baadaye kuwa ni saratani. Hata hivyo, mama aliyekwisha kukoma hedhi akaona damu tena, au uvimbe ukazidi kukua baada ya hedhi kukoma, asikae nyumbani. Vivyo hivyo kwa anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, maana hapo mlango wa kizazi ndio wa kuchunguzwa kwanza. Si kila damu ni ya uvimbe.

Nao ni wa kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Uchunguzi uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake wanapofikia umri wa miaka 50, zaidi ya 80 katika kila 100 wenye asili ya Kiafrika, na karibu 70 katika kila 100 wa kizungu, wamewahi kuwa nao. Wengi wao hawakujua kabisa. Kwa hiyo ukikaa katika benchi lako kanisani siku ya Jumapili, yaelekea wamo wanaouchukua uvimbe huu hapo hapo ulipo, na wengi watazeeka nao bila kusikia lolote.

Sababu yake kamili haijajulikana. Inajulikana kuwa unalishwa na vichocheo vya kike vya mwili wenyewe, ndiyo maana hauonekani kabla ya kuvunja ungo, na hunywea hedhi ikikoma. Hufuata ukoo pia: mama na dada zako wakiwa nao, wewe nawe waweza kuupata kwa urahisi zaidi. Unene wa kupita kiasi na kuvunja ungo mapema huongeza uwezekano. Waliozaa huupata kwa kiasi kidogo kuliko wasiozaa, lakini hiyo haina maana kwamba asiyezaa "amejitakia". Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu tumewaona mabinti wakisemwa kwamba walitoa mimba, eti ndiyo sababu ya uvimbe. Ni uongo. Wala haukutumwa na jirani, wala hautokani na kula kitu fulani.

Dalili hutegemea zaidi mahali uvimbe ulipo kuliko ukubwa wake. Uliochomoza kuelekea ndani, kwenye utando unaotoka kila mwezi, hata ukiwa mdogo, waweza kumwaga damu nyingi na kuharibu mimba. Ulio katikati ya ukuta wa kizazi huongeza damu na maumivu ukikua. Ulioning'inia nje waweza kufika ukubwa wa embe bila kubadilisha hedhi, ila ukabana kibofu hata mama akaamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, au ukabana njia ya haja kubwa, au ukaleta uzito kiunoni.

Damu nyingi ni ipi?

Hapa ndipo akina mama wengi hupotelea, kwa sababu hakuna anayejua ya mwenzake. Hedhi imezidi ikiwa unabadilisha pedi au kitambaa kila saa moja au mbili, ikiwa unaamka usiku kubadilisha, ikiwa yanatoka mabonge makubwa, ikiwa inapita siku 7, au ikiwa unapanga safari, ibada na shamba kwa kuikwepa. Mwalimu wetu alikuwa na dalili hizo zote. Kwa miaka mitatu alikuwa akipoteza damu kidogo zaidi ya ile aliyoweza kuitengeneza, mwezi baada ya mwezi, na mwili ukawa umezoea. Ndiyo hatari ya upungufu wa damu unaokuja polepole: mama anaendelea kuchota maji na kupika akiwa na damu ambayo mwingine, akiipoteza kwa siku moja, angezimia.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia uvimbe, zungumzia damu. Vidonge vya madini ya chuma ni vya bei ndogo. Vimezwe na maji au maji ya matunda kama chungwa, visimezwe na chai, maana chai huzuia madini yasiingie mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Vikikuuma tumbo, meza pamoja na chakula, au mwulize mganga kuhusu kumeza siku moja na kuacha moja. Na usiache mara unapojisikia nafuu. Damu ikishafika kiwango chake endelea miezi mitatu hivi, ili akiba nayo ijazwe. Mboga za majani, maharage, dagaa na nyama husaidia, lakini mwenye gramu 6 hatapona kwa mchicha, wala kwa juisi ya rosela, hata ikiwa nyekundu namna gani.

Kutambua uvimbe si kazi ngumu. Daktari hupapasa tumbo, kisha mgonjwa hupigwa altrasaundi, ambayo siku hizi ipo katika hospitali nyingi za wilaya na za mashirika. Omba cheti cha majibu ukitunze nyumbani. Mwaka ukipita ukapimwa tena, cheti hicho ndicho kitakachoonyesha kama uvimbe umekua au umetulia.

Si kila uvimbe hutibiwa

Pengine hili litawashangaza wengine. Uvimbe usioleta shida hauhitaji dawa wala kisu. Mama mwenye miaka 48, mwenye uvimbe wa sentimeta 4 na hedhi ya kawaida, aweza kungoja tu, apimwe mara kwa mara, kwani hedhi ikikoma utanywea wenyewe.

Tunamkumbuka dada mmoja wa miaka 33, ameolewa miaka minne, hajapata mtoto. Alipigwa altrasaundi ukaonekana uvimbe mdogo uliochomoza nje ya kizazi. Habari ikafika kwa mama mkwe kabla ya jioni. Tangu siku hiyo akawa yeye ndiye mwenye kasoro, na ndugu wakaanza kuchanga fedha za operesheni. Daktari wa akina mama alipomwona aliuliza jambo moja: "Mume amepimwa?" Hakuwa amepimwa. Alikuja kwa shingo upande, akapimwa, na mbegu zake zikakutwa ni chache mno. Uvimbe ule wa nje haukuwa umezuia kitu. Ndoa ile ilihitaji matibabu ya mume, na dada yule angepasuliwa bure. Basi, akina baba, pale mtoto anapochelewa, pimweni wote wawili kabla ya kuuza ng'ombe.

Mwenye uvimbe akishika mimba naye asipoteze matumaini. Wengi hubeba mimba na kujifungua salama. Baadhi hupata maumivu makali ya tumbo katikati ya mimba kwa sababu uvimbe umekosa damu ya kutosha. Mara nyingi hutulia kwa mapumziko na dawa za maumivu anazoandika daktari, si za kujinunulia. Kwa kuwa kuna uwezekano zaidi wa mtoto kukaa vibaya na wa mama kutoka damu baada ya kuzaa, mama huyu azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba.

Dawa zinazotumika

Zipo dawa za kupunguza damu bila kugusa uvimbe wenyewe. Asidi ya traneksamiki humezwa zile siku chache za damu nyingi tu. Asiyefaa kuitumia ni yule aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Ibuprofeni na dawa za jamii yake hupunguza maumivu na damu kiasi, ila mwenye vidonda vya tumbo ajihadhari nazo. Vidonge vya homoni vyaweza kupunguza hedhi, na kipo kitanzi chenye homoni ambacho hupunguza damu sana kwa baadhi ya wanawake, ingawa kizazi kilichopindishwa na uvimbe hukisukuma nje wakati mwingine.

Zipo pia sindano za mwezi mmoja au mitatu zinazozima vichocheo vya mwili, hata mama akawa kama amekoma hedhi. Uvimbe hunywea, damu husimama. Lakini huleta joto la ghafla na jasho, hudhoofisha mifupa, kwa hiyo kwa kawaida hazitumiki peke yake zaidi ya miezi 6, na zikiachwa uvimbe hurudi ulipokuwa. Faida yake kubwa ni kumwandaa mgonjwa: aongeze damu na uvimbe upungue kabla ya kupasuliwa. Mwaka 2020 na 2021 Marekani iliruhusu vidonge vinavyofanya kazi ya namna hiyo vikiwa vimechanganywa na homoni kidogo ya kulinda mifupa, navyo huweza kutumika hadi miaka miwili. Kwetu bei yake ni kubwa.

Lakini ile dawa inayouzwa stendi na minadani kwa jina la kuyeyusha uvimbe hatujaona hata mmoja aliyeyeyuka. Tulichoona ni akina mama waliopoteza mwaka mzima na fedha ya ada za watoto, na wengine walioingizwa dawa za mitishamba ukeni wakapata maambukizo mabaya kuliko uvimbe. Kuna mwuzaji aliyemwambia mgonjwa wetu kwamba mabonge ya damu yanayotoka ndiyo uvimbe unaotoka. Mama wa watu alifurahi, akanunua chupa ya pili.

Kupasuliwa

Njia ya kwanza ni kutoa uvimbe na kuacha kizazi. Hii ndiyo huchaguliwa na anayetaka bado kuzaa, au asiyependa kupoteza kizazi chake. Mara nyingi hufanywa kwa kufungua tumbo. Uvimbe mdogo uliomo ndani kabisa waweza kutolewa kwa chombo kinachopitishwa ukeni bila kukata tumbo, na katika hospitali chache kubwa hutumia matundu madogo tumboni. Ubaya wake ni kwamba waweza kutoka damu nyingi wakati wa operesheni, na kwamba uvimbe mwingine waweza kuota baadaye, maana daktari hutoa ule anaouona na kuugusa. Baada ya kufunguliwa tumbo, mama hushauriwa kungoja miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na kama ukuta wa kizazi ulikatwa kwa kina huenda akalazimika kujifungua kwa kisu. Mwulize daktari wako alikata wapi, ukaandikiwe kwenye kadi.

Njia ya pili ni kutoa kizazi chote. Hapo uvimbe haurudi tena na hedhi inakoma kabisa. Ni tiba ya mwisho kwa maana zote mbili. Kwa mama aliyemaliza uzazi na anayeteseka, ni tiba nzuri, wala hatupendi inavyosemwa vibaya. Vifuko vya mayai vikiwa vizima kwa kawaida huweza kuachwa, na vikibaki mwili huendelea kupata vichocheo vyake. Mama haoti ndevu, wala habadiliki kuwa mwanamume. Tendo la ndoa huendelea jeraha likishapona, na wengi husema limekuwa afadhali, kwa kuwa maumivu na damu vimekwisha. Kama mlango wa kizazi umeachwa, aendelee kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi kama wengine.

Njia ya tatu ni ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe. Daktari wa picha hupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi mishipa ya kizazi, akamwaga chembe ndogo za kuziba damu. Daktari Jacques Ravina na wenzake wa Paris ndio waliotangaza tiba hii kwa uvimbe mwaka 1995. Kizazi hubaki na jeraha ni tundu dogo. Maumivu ya siku za kwanza huwa makali, na anayepanga kuzaa kwa kawaida hushauriwa njia nyingine. Afrika Mashariki hupatikana katika hospitali chache tu kubwa.

Sasa swali ambalo huletwa kwetu kwa kunong'onezwa, baada ya wengine kuondoka: je, kutoa kizazi au kumeza vidonge vya homoni si dhambi? Papa Paulo wa Sita alilijibu mwaka 1968 katika waraka wa Humanae Vitae, kifungu cha 15. Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama inajulikana mapema kuwa itazuia uzazi, mradi kuzuia uzazi kusiwe ndilo kusudi lenyewe. Mama anayetolewa kizazi kwa sababu damu inamwua anatibiwa ugonjwa. Wanandoa wanaosita juu ya kitanzi au dawa fulani wamwambie daktari waziwazi, kwa kuwa kama mlivyoona njia si moja. Wasikae na hofu hiyo nyumbani huku damu inashuka.

Turudi kwa mwalimu wetu. Alikuwa na miaka 39 na uvimbe mkubwa wa sentimeta 8 na mingine midogo. Aliongezewa damu hospitali, akaanzishiwa vidonge vya chuma na vya kupunguza hedhi, akapewa miezi mitatu. Daktari aliwaita yeye na mume wake, akawaeleza njia zote mbili za kisu. Mume alitaka kizazi kibaki ili wapate mtoto wa tatu. Mama mkwe alitaka hivyo hivyo, tena kwa sauti zaidi. Mwalimu mwenyewe alikaa kimya katika mkutano wa kwanza. Katika wa pili alisema kwamba watoto wawili aliopewa anataka kuwalea akiwa hai, na kwamba hana nguvu ya kupasuliwa leo na kupasuliwa tena baada ya miaka mitano. Mume akainama muda mrefu, kisha akauliza ni damu chupa ngapi zitahitajika ili aje na ndugu zake kuchangia. Alitolewa kizazi akiwa na gramu 11. Mwingine mwenye uvimbe ule ule angeweza kuchagua kuubakiza, naye asingekosea.

Unapokwenda kwa daktari, nenda na cheti cha altrasaundi, andika tarehe za hedhi za miezi mitatu na idadi ya pedi kwa siku, na useme wazi kama bado unataka mtoto, maana ushauri wote unasimama juu ya neno hilo. Uliza uvimbe upo sehemu gani, ni mingapi, nini kitatokea ukingoja, na gharama yote pamoja na dawa na kitanda. Kama unayo bima, uliza inalipia nini kabla ya kulazwa.

Baada ya kufunguliwa tumbo, wiki 6 za kwanza mama asibebe ndoo ya maji, asitwange, asilime, wala asibebe mtoto mzito mgongoni. Atembee kidogo kidogo kila siku tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Homa, usaha kwenye jeraha, uchafu wenye harufu ukeni, damu mbichi nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.